Mkubwa ni jalala: Karanga za Urambo na ubunifu katika ofisi za umma

Kutoka Tabora mjini kwenda Urambo ni mwendo wa kilomita zipatazo 90 kuelekea magharibi, njia inayoandamana na reli ya Kigoma. Msafiri huona miombo, mashamba ya tumbaku, mabani ya kuikaushia na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Hakuna kinachomdokezea kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia eneo hili, pamoja na Kongwa na Nachingwea, lilibeba matumaini ya Serikali nzima ya Uingereza. Nchi hiyo ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akapendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa hivi, ukarudi na mpango wa kusafisha ekari 3,210,000, zikigawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Januari 1951 mpango ukafutwa. Walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza pauni milioni 36.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni: vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, minyororo ya nanga za meli iliyotumika kung'oa vichaka, na udongo wa Kongwa ulioshikamana kiangazi kama saruji hata karanga zisichimbike. Yote hayo ni kweli. Lakini anayeishia hapo ataondoka na funzo dogo, kwamba Waingereza hawakuujua udongo wetu. Funzo kubwa linahusu uongozi, tena linazigusa ofisi zetu za umma za leo kuliko tunavyopenda kukiri. Mpango wa Karanga ulikuwa ubunifu wa sekta ya umma, ukasimamiwa na shirika la umma, ukiwa na fedha, wataalamu na baraka za mawaziri. Uliangushwa na utaratibu ambao habari mbaya hazikuwa na njia ya kupanda hadi juu mapema kiasi cha kubadili uamuzi. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Kwa kawaida twaitumia methali hiyo kumtaka kiongozi avumilie lawama, lakini ina maana nyingine ya kiutendaji: ofisi ambayo mkubwa wake hapokei taka, taka zake hurundikana chini na kuozea huko. Hoja ya makala haya ni kwamba utamaduni wa ubunifu katika taasisi ya umma hujengwa au kubomolewa hapo, kwenye namna mkubwa anavyopokea habari ya kwamba jambo haliendi.

Tutazame jinsi Mpango wa Karanga ulivyoendeshwa. Kwanza, haukuanza na shamba la majaribio. Waliouandaa waliona kwamba njaa ya mafuta haikuruhusu kusubiri misimu miwili au mitatu ya kujifunza, wakaruka moja kwa moja kwenye mamilioni ya ekari. Pili, kipimo cha mafanikio kilikuwa ekari zilizosafishwa, kwa sababu hizo ndizo zingeweza kuhesabiwa na kupelekwa London. Msimu wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 8,000. Tofauti kubwa namna hiyo ingetosha kumsimamisha mkulima yeyote wa Unyamwezi aulize kulikoni. Hapa jibu lilikuwa kuagiza mashine zaidi na kupanga ratiba upya. Tatu, waliokuwa karibu na udongo walikuwa mbali na uamuzi. Shirika la Overseas Food Corporation, lililokabidhiwa kazi hiyo mwaka 1948, liliwajibika kwa waziri aliyekuwa akiutetea mpango mbele ya Bunge, na waziri aliyekwisha kujifunga hadharani ni msikilizaji mgumu. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika hilo, hatimaye alijiuzulu na mwaka 1950 akachapisha kitabu kuhusu yaliyotokea. Mtu wa habari anapolazimika kutoka nje ya taasisi ili aeleze yaliyomo ndani yake, tatizo limekwisha kuwa kubwa kuliko karanga.

Kilichofuata Urambo hakisimuliwi sana, ingawa kina mafunzo zaidi. Mashine zilipoondoka, mabaki ya mradi yalirithiwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika katika miaka ya 1950, nalo likageukia mashamba madogo ya wakulima wapangaji na zao jingine, tumbaku. Ardhi na mvua hazikubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa kila kosa. Mkulima mpangaji akikosea hupoteza msimu wake, na jirani yake hujifunza kwa kumtazama. Shirika likikosea katika ekari 30,000 hupoteza mamilioni na halijifunzi kitu, maana hakuna shamba la pembeni la kulinganisha. Tumbaku ilishika, na hadi leo Tabora ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo. Haikuja bila gharama, kwani kuni za kukaushia tumbaku zimeila miombo kwa kiwango kikubwa. Hiyo yenyewe inathibitisha hoja: hata ubunifu uliofaulu unahitaji mtu anayeruhusiwa kusema mapema unapoanza kudhuru.

Ngitili, au Serikali ilipokubali kufundishwa

Mfano wa upande wa pili uko kaskazini tu mwa Tabora. Kwa miongo mingi Serikali, ya kikoloni na kisha ya Uhuru, iliifanyia Shinyanga mambo kwa nia njema. Misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, pamba ikapanuliwa, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na zote pamoja ziliiacha nchi uchi, hata Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, mradi wa Serikali uliosaidiwa na Norway. Ulianza kama ilivyo desturi ya miradi, kwa vitalu na miche ya kugawia watu. Baadaye maofisa wake walifanya jambo lisilo la kawaida katika utumishi wa umma: waligeukia maarifa waliyoyakuta. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ilishwe humo kiangazi, na ardhi iliyofungwa hivyo huotesha miti yake yenyewe bila kitalu wala lori la miche.

HASHI ikaacha kuwa mpanda miti, ikawa mlezi wa ngitili. Kanuni za kufunga na kufungua malisho zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa wanakijiji, na sungusungu wakazilinda. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Mtu anaweza kusema fedha za Norway ndizo zilizofanya kazi. Lakini Kongwa na Urambo zilimwagiwa fedha nyingi kuliko Shinyanga. Tofauti ilikuwa katika uendeshaji: ofisa wa HASHI aliweza kurudi ofisini na kusema kwamba njia ya mwanzo haitoshi na kwamba mfugaji anajua zaidi, na kauli hiyo haikumgharimu kazi.

Utaratibu wa namna hiyo si mgeni katika ukanda huu. Karne moja kabla ya HASHI, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ya kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji ilipanga mamia ya watu kwa nidhamu ambayo ofisi nyingi zingeionea wivu. Tusiipambe: njia hiyo ilisafirisha pembe za ndovu na pia binadamu waliofanywa watumwa. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliunda utamaduni wao wa kazi. Mbele alitembea kirangozi, ambaye mara nyingi alitokana na wapagazi wenyewe na kukubaliwa nao kwa sababu aliijua njia. Nyuma yake walikuwa wanyampara, wakubwa wa vikundi vilivyolala na kupika pamoja. Mzigo wa kila mtu ulikuwa frasila mbili hivi, na mwenye mali, awe Mwarabu wa Tabora au mgeni kutoka Ulaya, alijua kwamba asipoyasikiliza mashauri ya kambi ataamka asubuhi akute mizigo ipo na watu hawapo.

Ubunifu wao mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa haba na visima vilitengana kwa zaidi ya mwendo wa siku moja. Kwa kawaida msafara huondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Kwa mtindo huo Mgunda Mkali usingevukika. Wapagazi wakawa na telekeza: wanapika na kula kambini, wanajaza vibuyu, kisha wanaondoka mchana, wanatembea hadi usiku, wanalala pasipo na maji, na asubuhi mapema wanamalizia kipande kilichobaki mpaka kisimani. Hakuna tajiri wa pwani aliyekaa barazani akabuni mwendo huo. Ulitokana na watu waliobeba kiu yenyewe, ukawa kanuni kwa sababu mfumo uliwapa sauti ya kuamua saa ya kuondoka. Lugha yetu imehifadhi kilichotokea baadaye. Mnyapara wa leo ni msimamizi mkali wa kibarua au gerezani, mtu wa kupiga kelele. Wa jana alikuwa mkubwa wa chungu kimoja, aliyekula na aliowaongoza.

Safari ya dokezo

Sasa tuingie ofisini. Tabora ina nafasi ya pekee katika historia ya utumishi wetu. Ndiko iliko Shule ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa watemi na baadaye ikatoa viongozi wengi, Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wao; na ndiko kilikokuwa Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Vizazi vya makatibu mahsusi vilipita hapo kujifunza kupiga chapa na hatimkato, na hadi miaka ya karibuni tangazo la kazi hiyo lilidai mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Ni ujuzi wa heshima. Lakini fikiria ulichokuwa ukinasa: sauti ya mkubwa ikishuka. Kwa sauti inayopanda hatukuwahi kubuni hatimkato. Tulibaki na dokezo.

Tuseme mfamasia wa halmashauri fulani anagundua kwamba zahanati nne hukatika na barabara kila mwaka mvua zinapoanza Novemba, na hukaa bila dawa muhimu hadi njia zipitike. Mwezi Agosti anaandika dokezo, nusu ukurasa, akipendekeza zahanati hizo zipelekewe mgawo wao mapema, kwa majaribio ya msimu mmoja. Jalada linatoka masijala kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, anayeandika: "Nimeona. Je, ipo kwenye bajeti?" Linakwenda kwa Mweka Hazina, anayejibu kwamba haikupangwa. Linapanda kwa Mkurugenzi, ambaye ana majalada 40 mezani na wageni kutoka mkoani, anaandika "Tujadili." Jalada linarudi. Hakuna aliyekataa, na hakuna aliyekosea kwa mujibu wa taratibu. Mvua zinanyesha. Mwaka unaofuata mfamasia haandiki tena, na vijana wawili wa ajira mpya waliolifuatilia dokezo lile wamekwisha kujifunza jambo ambalo semina yoyote ya ubunifu haitalifuta.

Serikali haikulala. Mwaka 2004 ilianzisha OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ambao kwa nadharia ulimkalisha mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo. Katika ofisi nyingi uligeuka fomu ya kujazwa haraka mwisho wa mwaka, na Serikali yenyewe ikauacha, ikaleta mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Ni hatua ya mbele katika kumbukumbu na uwazi. Hata hivyo mfumo wowote unaopima kazi zilizopangwa zikakamilika una kishawishi kilekile cha ekari zilizosafishwa: mtumishi hujifunza kupanga lile analojua atalimaliza, na jaribio ambalo huenda lisifaulu halina pa kujazwa. Utafiti wa Imran Rasul na Daniel Rogger uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia miradi 4,700 ya utumishi wa umma wa Nigeria, ulikuta jambo linalofanana na hili. Taasisi zilizowapa watumishi uhuru zaidi wa kuamua zilikamilisha miradi zaidi, na zile zilizokaza motisha na ufuatiliaji zilikamilisha michache. Utafiti huo unaonyesha uhusiano, na uhusiano peke yake si ushahidi wa chanzo. Walakini unaitilia shaka imani kwamba dawa ya uzembe siku zote ni fomu moja zaidi.

Hoja za upande wa pili

Pingamizi la kwanza ni zito, tena ni la haki: ukimpa mtumishi uhuru umempa mwizi ufunguo. Nchi hii imelipa gharama kubwa kwa ofisa aliyejiamulia, na ndiyo maana tuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, TAKUKURU na mfumo wa ununuzi wa NeST. Jibu langu si kulegeza ukaguzi. Ni kutenganisha makosa mawili tunayoyaweka kapu moja: fedha iliyoibwa na fedha ndogo iliyotumika wazi kujaribu jambo ambalo halikufaulu. Ofisa anayejua kwamba yote mawili yataitwa hoja ya ukaguzi, na kwamba kutofanya kitu hakujawahi kuzua hoja, atachagua kutofanya kitu, naye ana akili timamu. Tena Mpango wa Karanga ulikuwa na hesabu, wakaguzi na Bunge. Udhibiti wa fedha haukuokoa hata ekari moja, kwa sababu ulikagua stakabadhi na haukukagua udongo.

Wapo watakaosema majaribio madogo ni anasa kwa nchi yenye haraka. Mama anayetoka damu Sikonge hawezi kungoja utafiti. Hoja hii ndiyo ileile iliyotumika mwaka 1946, na ilileta ucheleweshaji mkubwa kuliko ambao ungetokana na kuanza polepole. Tuna mfano wa karibu unaoonyesha njia nyingine. Huduma ya m-mama, inayopeleka wajawazito na watoto wachanga wenye dharura hospitalini, inapokea simu za bure kwa namba 115 na pale gari la wagonjwa linapokosekana humtuma dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kulipwa kwa safari hiyo. Kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022 ilipitia miaka ya majaribio Sengerema na Shinyanga. Hapo ndipo maswali ya kawaida lakini ya uhai na kifo hupata majibu: nani anampigia dereva usiku, analipwa vipi na kwa muda gani, zahanati inajuaje hospitali ipi ina damu. Hayo hayaonekani kwenye mpango uliochapwa makao makuu.

La tatu ni la utamaduni: sisi ni watu wa heshima, mdogo hamkosoi mkubwa. Lakini heshima ya kwetu haikuwa kimya. Baraza la wazee, dagashida na shauri la kambi vilikuwa mahali pa kumweleza mkubwa ukweli kwa lugha ya adabu, na mkubwa asiyeelezwa alihesabiwa kuwa ametengwa. Kimya cha ofisini tunachokiita heshima kina asili nyingine: boma la mkoloni, ambako karani wa Kiafrika hakutakiwa kuwa na rai. Tulirithi jengo na masijala, tukarithi na ukimya wake, kisha tukaupa jina zuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ofisi zina maradhi kama watu.

Kuna pia wanaoweka matumaini yote kwenye teknolojia, wakisema dokezo likiwa la kielektroniki halitapotea. Ni kweli halitapotea. Litalala kwenye kompyuta badala ya kulala mezani. Kinacholiamsha ni wajibu wa kujibu, na huo hauwekwi na programu. Unawekwa na kiongozi.

Basi afanye nini mkurugenzi wa halmashauri au meneja wa wakala wa umma asiyeweza kubadili sheria wala muundo? Yako mambo matatu yaliyo ndani ya mamlaka yake. La kwanza ni kuweka kwenye bajeti kifungu kidogo cha majaribio chenye masharti yaliyoandikwa tangu mwanzo: eneo, muda, kiasi, na dalili itakayoonyesha kwamba jambo limeshindikana, ili mkaguzi naye awe na cha kukagua. La pili ni kuamua kwamba kila dokezo lenye pendekezo lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku zinazojulikana, likikataliwa litolewe sababu. Mtumishi aliyekataliwa kwa sababu huandika tena, aliyeachwa kimya haandiki. La tatu ni kuwauliza wakuu wa idara, katika tathmini yao, swali ambalo fomu zetu hazina: mwaka huu ulibadili nini kwa sababu mtu wa chini yako alikuambia umekosea? Mkuu wa idara asiye na jibu kwa miaka mitatu mfululizo ama hajawahi kukosea, ama haambiwi.

Hayo hayahitaji mfadhili, wala semina ya Arusha. Yanahitaji kalamu ileile inayoandika "Tujadili" iandike pembeni mwa dokezo la mfamasia: "Jaribu zahanati nne, hadi Aprili. Uniandikie yaliyokwama." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa sababu inaiomba habari mbaya kabla haijafichwa. Jibu hilo likiandikwa Agosti, mvua za Novemba zitaikuta dawa imekwisha kufika.